Kwa Nini Jai Alipaswa Kufa

Hotuba iliyotolewa Mji wa Kale, Mombasa, mara tu baada ya wageni kuitazama filamu ya Sholay tangu mwanzo hadi mwisho.

Assalaam alaykum wazee wangu na mama zangu, na hamjambo nyote mliofika usiku huu, wa Mji wa Kale, wa Majengo, wa Likoni mliovuka na feri, na nyinyi vijana mliokaa kwenye mikeka kwa sababu viti vimetushinda.

Taa zimewashwa upesi mno. Nawaona wengine mwajifuta macho kwa ncha ya leso, na wengine mwainamia simu ili msitazamwe. Msione haya. Machozi hayo ndiyo niliyoitwa kuja kuyazungumzia, na ningependa yasikauke kabla sijamaliza.

Nilipokuwa nasogea huku mbele, kijana mmoja amenishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, mbona wamemuua stelingi?" Ameuliza kwa uchungu, kama mtu aliyedhulumiwa haki yake. Nimemwambia akae, nitamjibu mbele ya watu wote, maana hilo ndilo swali walilouliza watazamaji wa Sholay tangu Agosti 15, 1975, siku picha hii ilipotoka kule India. Waliotengeneza picha yenyewe nao walijiuliza swali hilo hilo, tena kwa hofu kubwa. Nitafika huko.

Sisi tuliolelewa na picha za Kihindi tulikuwa na kanuni moja: stelingi hafi. Atapigwa hadi damu imtoke puani, atatupwa mtoni, atafungwa kwa minyororo ndani ya ghala linaloungua, lakini mwisho atainuka. Watoto wakicheza vichochoroni, Kuze au Kibokoni, ugomvi wa kwanza ulikuwa nani awe stelingi na nani awe jambazi, na hakuna aliyekubali kuwa jambazi kwa sababu jambazi ndiye wa kufa. Sasa Sholay inatuletea stelingi wawili, Jai na Veeru, marafiki wa kufa na kuzikana, halafu mmoja wao inamchukua kweli. Na inamchukua yule mpole, yule wa maneno machache, ambaye Amitabh Bachchan amemwigiza kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo.

Jibu langu nalitanguliza, kisha nitalitetea. Jai alipaswa kufa kwa sababu bila kifo chake furaha yote ya mwisho wa picha hii ingekuwa furaha isiyolipiwa. Na ule uchungu mnaousikia kifuani hivi sasa hautoki kwa Jai hasa. Unatoka kwa Radha, mkaza mwana wa Thakur, mjane wa sari nyeupe, ambaye katika zaidi ya saa tatu tulizokaa hapa amesema maneno machache mno, hata wengine wenu mlipotoka mlangoni mlikuwa mkimtaja Basanti, yule mpenda maneno, na Gabbar, yule mkuu wa majambazi, jina lake halijawajia ulimini.

Hebu tazameni mambo yalivyoishia. Gabbar Singh amekamatwa. Kijiji cha Ramgarh kimepumua. Thakur Baldev Singh, aliyewaajiri Jai na Veeru wamkamate Gabbar baada ya Gabbar kumwulia wanawe na mjukuu wake na kumkata mikono yote miwili, amepata alichokuwa akikitafuta. Veeru amempata Basanti. Kila mtu amepewa chake isipokuwa wawili, na hao wawili ndio waliostahili zaidi. Msiba mtupu ni rahisi kuuhimili kuliko hivi. Mnaikumbuka Mother India ya 1957, Nargis akiishika bunduki na kumpiga risasi Birju, mwanawe wa kumzaa? Tulilia, tena sana, lakini kilio kile kilikuwa cha namna moja, ulikuwa ukijua uombolezee nini. Sholay haikupi nafasi hiyo. Maiti ya Jai imechomwa moto kwa desturi za kwao, Veeru ameagana na Thakur stesheni, amepanda garimoshi peke yake na uso wa mtu asiye na pa kwenda, na humo behewani Basanti yuko, amekaa anamsubiri. Unajikuta watabasamu na koo bado limekaba. Halafu waona haya kwa kutabasamu. Halafu garimoshi linaondoka na wewe hujui ufurahi au ulie, basi wafanya yote mawili. Hayo ndiyo niliyoyaona usoni mwenu taa zilipowaka.

Jambo kama hili halitokei kwa bahati. Waandishi wake, Salim Khan na Javed Akhtar, ambao watu wote waliwajua kama Salim-Javed, walianza kuutengeneza mwisho huu tangu mwanzo wa picha, na walitumia kitu kidogo mno: sarafu.

Mara ya kwanza sarafu inarushwa ndani ya kile kisa cha garimoshi, Thakur akiwa bado inspekta mwenye mikono yake. Amewakamata Jai na Veeru, anawapeleka jela. Majambazi wanavamia, wanapigana nao pamoja, inspekta anajeruhiwa, na sasa wezi hawa wawili wako huru kukimbia. Wamwache afe, au wampeleke hospitali wakakamatwe? Jai anarusha sarafu. Kichwa. Wanampeleka hospitali. Sisi tunacheka, twaona ni wahuni wawili wanaocheza na maisha yao.

Kisha twafika darajani. Risasi zinakaribia kwisha, Jai amejeruhiwa, Basanti hana nguvu tena baada ya kuchezeshwa juu ya vigae vya chupa. Mmoja abaki awazuie watu wa Gabbar, mwingine amtoe mwanamke akalete risasi. Sarafu tena. Kichwa tena. Jai anabaki. Na Jai akishakata roho, Veeru anaishika ile sarafu, anaigeuza, na upande wa pili nao ni kichwa.

Hapo picha nzima yajirudia upya akilini mwako, tangu mwanzo, katika muda wa kupepesa jicho. Kumbe bahati haikuwahi kuwamo. Kumbe yule aliyejifanya hajali ndiye aliyekuwa akichagua, na alichagua la kiungwana, kisha akalificha nyuma ya sarafu ili mtu asije akamshukuru. Kule hospitali alichagua. Darajani alichagua. Rafiki yake wa pekee duniani hakujua, na anajua wakati ambao hawezi tena hata kumgombeza. Ndugu zangu, waandishi wengine wangempa Jai hotuba pale, aseme mimi najitoa mhanga kwa ajili yako. Hawa wametupa kipande cha chuma, wakatuachia sisi tujisemee.

Na Veeru anaitupa ile sarafu kwa hasira. Picha hii ilionyeshwa kwa filamu ya milimita 70 na sauti ya stirio, jambo lililokuwa geni sana India wakati ule, na husimuliwa kwamba sarafu iliposikika ikianguka, watu katika majumba ya Bombay waliinama chini ya viti kuitafuta.

Kuna jambo jingine la kusikiliza ambalo wengi hulipita. Ule wimbo wa urafiki, maneno ya Anand Bakshi na muziki wa R. D. Burman, mwanzoni unaimbwa na wawili. Jai na Veeru wako juu ya ile pikipiki yenye kigari cha ubavuni, na sauti ni za Kishore Kumar na Manna Dey, wakipokezana, wakicheka, huyu akimkatiza huyu. Jai akifa wimbo unarudi. Unarudi pole pole, na sauti ni moja tu, ya Kishore. Unangoja ile ya pili iingie mahali pake, haingii. Siku mtakayoitazama tena, fumbeni macho mahali pale.

Sasa nije kwa Radha, maana huko ndiko moyo wangu uliko.

Jioni ikiingia, Jai hukaa barazani kwake akipuliza kinanda cha mdomo. Upande wa pili, juu kwenye roshani ya nyumba ya Thakur, Radha hupita akizima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani. Hakuna tabasamu, hakuna barua, hakuna mtumishi anayebeba ujumbe. Yeye anapuliza, huyu anazima. Taa ya mwisho ikizimwa, siku nyingine imeisha na hakuna kilichotokea, na sisi tuliokaa gizani tunajua kwamba kila kitu kimetokea.

Vile vipande viwili vifupi vya taa vilichukua siku 20 kupigwa. Siku 20, kwa dakika chache tu za picha! Sababu ilikuwa mwanga. Mwelekezi Ramesh Sippy na mpigapicha wake Dwarka Divecha walitaka ule mwanga wa magharibi hasa, jua limeshazama na giza halijashika. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Hapa kwetu baada ya adhana ya magharibi ukigeuka kufunga mlango tu, usiku umeshaingia. Basi nao walikuwa wakipata dakika zao chache, wanafungasha, wanarudi kesho yake. Hiyo ndiyo subira iliyomo ndani ya picha ile, na nadhani ndiyo sababu tunaisikia hata bila kuambiwa. Tena wale walioigiza watu wasioweza hata kusalimiana, Amitabh Bachchan na Jaya Bhaduri, walikuwa mke na mume, wameoana mwaka 1973.

Ramlal, yule mtumishi mzee, anamsimulia Jai alivyokuwa Radha kabla ya msiba. Tukaonyeshwa. Binti mcheshi, asiyetulia, siku ya Holi hakuna anayepita mbele yake akabaki msafi, kila mtu lazima arushiwe rangi. Kisha tunarudi kwenye ile nyeupe. Gabbar aliua watu wa nyumba ile, na huyu aliyebaki hai akavuliwa rangi.

Na hapa ndipo mama zetu wa Mombasa walipoielewa picha hii kwa undani ambao sidhani waliotengeneza waliufikiria. Wazee wanakumbuka kwamba kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Mabuibui yanaingia, mlango unafungwa, ndani wanajifunua na kukaa kwa raha zao, na kachri za muhogo na njugu kwenye karatasi zilizoviringwa. Mama yangu mkubwa alikuwa akikisikia Kihindi vizuri kwa kukaa jirani na Wahindi miaka na miaka, basi yeye akawa mkalimani wa safu nzima. Aliniambia kwamba Radha alipotokea tena na tena na sari ile ile nyeupe, wanawake walianza kuulizana kwa sauti: huyu eda yake haiishi?

Swali hilo lina uzito. Kwetu sisi eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Mjane anakaa, hajipambi, hajitii manukato, na watu wanamheshimu katika kukaa kwake. Siku ikifika anaoga, anavaa, anajifukiza udi, na mtu akileta posa hakuna jirani mwenye neno. Mlango unafungwa na mlango unafunguliwa. Mwanamke aliyekaa pale na binti yake au wifi yake aliyewahi kutoka edani na kuolewa tena, anamtazama Radha na hakioni kikomo. Kule India sheria iliwaruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena tangu 1856, lakini sheria ni karatasi, na mila katika nyumba nyingi za heshima ilibaki pale pale. Ninasema haya nikijua tuna majirani zetu Wahindu hapa usiku huu, na sisemi kwa kulaumu. Picha yenyewe ndiyo iliyolisema kwa ujasiri kabla yangu.

Kwani mmeona Thakur alivyofanya. Baba mkwe ametoka, amekwenda kwa baba wa Radha, kumwombea mkaza mwanawe aolewe na mtu mwingine. Mtu aliyemzika mumewe huyo binti, maana mume ni mwanawe yeye! Baba wa Radha anaogopa jamii itasema nini. Na Thakur anamjibu kwamba jamii iliwekwa ili imwokoe mtu na upweke, haikuwekwa ili imwache peke yake. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na kila mara nayasikia kama yamesemwa hapa hapa kwetu, katika nyumba ambayo naifahamu.

Basi mlango ukafunguka. Eda ya Radha, ile isiyokuwa na mwisho, ikapata mwisho. Na baada ya hapo ndipo linapokuja daraja.

Kijana wangu uliyeniuliza, zingatia mpangilio huo. Wangemuua Jai kabla ya posa tungesikitika na kumsahau kidogo kidogo. Wamemuua baada ya kukubaliwa. Wametupa muda wa kuiona arusi ile, tumeshamvika Radha nguo ya rangi katika mawazo yetu, mama zetu walishamtia hina, kisha risasi. Jai anakufa mikononi mwa Veeru, akimwambia kwamba hajuti, maisha aliyamaliza na rafiki na mauti nayo yamemkuta na rafiki. Anamwona Radha amefika kwa mbio, na analosema ni kwamba hadithi hiyo nayo imebaki haikukamilika.

Na sasa niulizeni mimi: Radha analia kama nani? Mke si mke. Mchumba si mchumba aliyetangazwa. Mumewe wa kwanza alimlilia kwa haki, akavalishwa nyeupe, watu wakampa pole. Huyu wa pili hana hata haki ya kumkalia eda. Hapa kwetu mtu akifiwa watu hujaa nyumbani, matanga yanakaliwa, sufuria zinaletwa na majirani, mjane hukaa katikati ya wanawake na kila anayeingia anamshika mkono. Nani atakayekwenda kumpa Radha pole ya Jai? Wangesema nini wakifika? Baba mkwe wake aliye karibu naye, mtu wa pekee anayejua kilichopotea, hana mikono ya kumkumbatia. Moto wa Jai unawaka, Radha yuko dirishani, na anachoweza kufanya kwa mpenzi wake ni kufunga dirisha. Yule aliyekuwa akizima taa sasa amefunga dirisha. Wameizalisha picha hiyo kutokana na zile taa, ndiyo maana inatubana namna ile. Hatukuhitaji neno hata moja, tulishafundishwa lugha yake tangu jioni ya kwanza.

Ninapomtazama Basanti behewani, kwa hiyo, sioni furaha ya Veeru peke yake. Naona kiti. Basanti amekaa hai katika kiti hicho kwa sababu mtu alibaki darajani, na kwa sababu mtu alibaki darajani, mwanamke mwingine amerudi ndani kwenye nyumba ya kimya. Furaha ya huyu imetoka mfukoni mwa yule. Basanti, mwenye maneno mengi kuliko farasi wake Dhanno alivyo na hatua, na Radha asiye na maneno: wanawake wawili katika kijiji kimoja, na sarafu moja yenye vichwa viwili ndiyo iliyowagawia.

Niliwaahidi habari ya waliotengeneza picha. Sholay ilipotoka, siku za mwanzo haikufanya vizuri. Watu walitoka majumbani kimya, na kimya kile kikawatia hofu wenye fedha zao. Amitabh Bachchan alipoanza kuipiga picha hii hakuwa bado mtu mkubwa kiasi kile, lakini kufikia wakati wa kutoka kwake picha zake Zanjeer na Deewaar zilikuwa zimeshamfanya nyota. Wakaketi, wakasema kosa ni hilo, watu hawawezi kukubali mtu huyu afe. Ikazungumzwa warudi wakapige mwisho mwingine, Jai apone, amchukue Radha, yaishe. Ramesh Sippy akasema tungoje mpaka Jumatatu. Jumatatu ilipopita hawakuihitaji tena kamera. Kile kimya hakikuwa cha kuchukizwa. Watu walikuwa wakitoka namna mlivyotoka nyinyi. Katika jumba la Minerva, Bombay, picha ilikaa zaidi ya miaka mitano.

Ifikirieni ile Sholay nyingine kwa dakika moja. Arusi mbili kwa pamoja, matarumbeta, stelingi wawili kwenye pikipiki na wake zao nyuma. Ile sarafu ingekuwa nini? Ujanja tu wa mfukoni. Zile taa zingekuwa uchumba kama uchumba mwingine. Tungetoka tumeshiba na kufikia Digo Road tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Kuna mwisho mmoja uliobadilishwa kweli, na lazima niuseme kwa sababu wazee wawili wameshaanza kubishana kuhusu huo hapa nyuma. Katika picha waliyoipiga kwanza, Thakur anamwua Gabbar kwa miguu, kwa viatu vyenye misumari. Lakini Juni 25, 1975 serikali ya Indira Gandhi ilitangaza hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu hawakukubali aliyekuwa ofisa wa polisi ajichukulie sheria mkononi. Sanjeev Kumar, aliyemwigiza Thakur, alikuwa Urusi ya Kisovieti kwenye tamasha, ikabidi arudi haraka wapige upya. Ndiyo maana mmewaona polisi wakitokea dakika ya mwisho. Ule mwisho wa kwanza umerudishwa katika nakala iliyokarabatiwa, iliyoonyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025, miaka 50 baadaye. Mimi nasema waliitendea picha dhuluma walipowaleta wale polisi. Thakur ametembea na shali ile inayoficha mikono iliyokatwa mabegani saa tatu, haki ya kumaliza ilikuwa yake. Lakini angalieni, wazee wangu: afe Gabbar au afungwe, machozi yenu hayabadiliki. Wakaguzi waligusa kisasi. Radha hawakumgusa, pengine kwa sababu hawakumwona.

Mombasa ilimwona. Ilimwona kwa sababu ilikuwa tayari. Mji huu ulikuwa na Regal, Naaz, Majestic, Lotus, na Kenya Cinema ya Nkrumah Road, na watu wake walikuwa wakiingia wasijue Kihindi wakatoka wanaimba. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu aliyetuacha mwaka 2014, alichukua nyimbo za namna hii za Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya Ahmad Nassir, na harusini hapa Mji wa Kale watu wazima walikaa wakitikisa vichwa na kulia katikati ya shangwe. Harusi ile ile, halua ile ile, na mtu analia. Hakuna aliyemwuliza kulikoni. Watu waliokaa na taarabu namna hiyo hawawezi kuletewa Sholay wakaona ajabu kwamba tamu na chungu zimekaa sahani moja.

Ninalolihofia ni hili. Wanangu mliokaa kwenye mikeka, wengi wenu mlikuwa mkiijua Sholay kabla ya leo, nimewasikia mkiyasema maneno ya Gabbar kabla hajayasema. Mmeyapata kwenye simu, vipande vya dakika moja. Gabbar anatosha kwenye dakika moja, alivyomwigiza Amjad Khan pale, hata nusu dakika inamtosha. Basanti na Dhanno wanatosha. Radha hatoshi. Hana kipande cha kukatwa. Mwanamke anayezima taa, kwenye simu, ni mwanamke anayezima taa tu, kidole kishampitisha. Ili dirisha lile likuumize ni lazima uwe umekaa naye jioni zile zote, umechoka kidogo, umemngoja, umeanza kumtakia mema bila kujua kwamba umeanza. Majumba yetu yamefungwa mengi, mengine yamekuwa maduka, na sitegemei yatarudi kesho. Lakini ukuta mweupe tunao, mashine ya kuonyeshea tunayo kama mlivyoona, na saa tatu mmeziweza usiku huu. Nawaomba walioandaa wasiishie hapa. Ituonyesheni Anand ya 1971, ituonyesheni Mother India, na kila mara iwe nzima, taa zisiwashwe mpaka jina la mwisho limepita.

Sasa nimesema vya kutosha na kipaza sauti hakikai kwangu tena. Kijana, kipeleke kule kulia, kwa mama zangu. Wako hapa waliokuwapo kwenye yale maonyesho ya wanawake, nawajua kwa sura ingawa sitawataja. Shikamooni. Anzeni nyinyi. Mlipoiona mara ya kwanza, mlianza kulia wapi, pale darajani au pale baba mkwe alipokwenda kuposa?